Majina Yalipohama Peke Yake

Rivera, 3 Machi 1989

Mdogo wangu Wilmar,

Mimi mzima, na nikisikia nawe u mzima nitalala vizuri zaidi. Mama hajambo, ila ana kihoma kinachomjia jioni na kumwacha asubuhi. Anasema ni ubaridi wa mapema, na amenikataza nisikuandikie habari hiyo, kwa hiyo jifanye hujaisoma. Mbwa wetu amezaa tena, safari hii chini ya kitanda changu. Upande wa pili wa barabara, kule Livramento ya Brazili, sukari imeshuka bei, basi nusu ya mji inavuka barabara na kurudi mikoba imejaa, na watu wa forodha wanatazama mawingu.

Sasa nije kwenye lililonikalisha chini kuandika.

Unamkumbuka Osmar Brum Cardozo, yule anayetuletea maziwa tangu tukiwa watoto, ambaye ng'ombe wake anawaita kwa majina ya waimbaji wa redio. Wakaguzi wa mifugo wamemwandikia kwamba damu ya ng'ombe wake imekutwa na bruselosi, ule ugonjwa wa kutupa mimba, na kundi lote litachinjwa mwanzoni mwa Juni. Hadi wakati huo chama chetu cha maziwa hakipokei hata tone lake. Alikuja ofisini kofia mkononi, akasimama mbele ya meza yangu.

"Zulma," akaniambia, "kwangu hakuna ng'ombe hata mmoja aliyetupa mimba. Halafu hiyo karatasi inasema wamepima ng'ombe arobaini. Mimi ninao kumi na mmoja. Hao wengine niwatoe wapi, niwazae mwenyewe?"

Nikafungua programu uliyotuandikia, nikaichapisha yote karatasini, nikaisoma kuanzia mstari wa kwanza. Sikufika mbali. Pale mwanzoni kabisa, pale mtu anapoitangazia mashine vitu vyake vimeundwaje, niliona kitu kilichonitia kinyaa.

Umetangaza safu tatu. Safu ya majina ya wafugaji, safu ya idadi ya ng'ombe, safu ya majibu ya damu. Basi. Hakuna popote uliposema kwamba mfugaji ni kitu kimoja chenye jina lake, ng'ombe wake na damu ya ng'ombe wake. Umewakata watu vipande kama machinjioni, vichwa ndoo hii, maini ndoo ile, na kinachokuambia kichwa kipi ni cha ini lipi ni nafasi tu: wa pili kwa wa pili, wa tatu kwa wa tatu. Mimi na wewe tulikaa benchi moja kwa mwalimu mmoja, na alitufundisha rekodi kabla hajatufundisha kitu kingine chochote. Kitangaze kitu kama kilivyo duniani, alikuwa akisema, ili kikihama kihame chote. Wewe ulikuwa ukiandika huku unatikisa kichwa kukubali.

Halafu nikakumbuka Januari. Bwana Larrosa, meneja wetu, alilalamika kwamba watu wa asili ya Livramento wako mahali pasipo pao kwenye orodha, maana wao jina la baba hulitia mwisho na sisi hulitia mwanzo. Akakuomba uwapange kwa jina la baba. Ukatuletea diski mpya kwa basi, nikaiingiza mwenyewe, nikakushukuru kwa simu. Osmar akatoka kwenye B ya Brum, akaenda kwenye C ya Cardozo. Na pale kwenye C, mahali alipokwenda kukaa, palikuwa pamekaliwa na Carámbula, mwenye ng'ombe arobaini.

Swali langu ni moja, na sitaki ulizunguke. Ulipoyapanga upya majina, uliyahamisha na majibu ya damu, au majina yalihama peke yake?

Nakuuliza kwa sababu Carámbula sasa ana cheti kwamba kundi lake ni safi, na mkewe anapita na kapu la jibini bichi, la maziwa yasiyochemshwa, hadi mlangoni kwetu. Wakaguzi wako tayari kumpima Osmar upya, lakini wanataka maandishi ya aliyetengeneza programu yanayosema palipoharibika. Mimi kwao ni mpiga chapa tu.

Andika upesi.

Dada yako,
Zulma

*

Montevideo, 29 Machi 1989

Dada mpendwa,

Barua yako ilinifikia nikiwa na mafua, lakini sasa nimepona. Hapa upepo wa baharini umeanza kuingia hadi mifupani. Nimehamia chumba chenye dirisha, ghorofa ya nne, na mwenye nyumba ni mama mmoja mjane anayepika maandazi ya kukaanga kila mvua ikinyesha, ananigongea mlango na sahani. Mwambie mama avae soksi usiku.

Nina habari njema ambayo nilitaka kuisema ana kwa ana. Muungano wa vyama vya maziwa unatafuta programu moja ya nchi nzima, na yangu imebaki kati ya mbili za mwisho. Wataamua Juni. Wakiichagua, nitapewa kitengo na watu wa kufanya kazi chini yangu. Mkurugenzi aliniita akaninywesha kahawa. Zulma, tangu nije mji huu hakuna aliyewahi kuniketisha kwenye kiti chenye mikono.

Kuhusu safu zangu, unanisema kama mtu aliyeiba kanisani. Mashine yenu haina kumbukumbu ya kutosha hata kujikumbuka yenyewe. Kwenye lugha ya Basic unatangaza safu kwa neno moja na kazi inaendelea. Hizo rekodi zako za lugha ya Pascal, aliyotufundisha mwalimu, ni kama mama mkwe, lazima kila kitu ukieleze mlangoni kabla hujaruhusiwa kuingia, jina lako nani, urefu wako herufi ngapi, wewe ni namba au ni neno. Mwalimu alizipenda kwa sababu hakuwahi kufanya kazi ya kulipwa.

Na nikuambie ukweli mwingine, kinyaa ninacho mimi pia. Ninapokumbuka huko nasikia harufu ya maziwa yaliyoganda kwenye viatu, na ule usemi wetu, nusu Kihispania nusu Kireno, sentensi inaondoka nchi moja na kufika nchi nyingine. Hapa nikifungua kinywa wananiuliza kama mimi ni Mbrazili. Watu ambao hawajakubaliana jina la baba likae wapi, wanataka mashine iwapangie. Ni programu ipi itakayowaweza watu hao?

Programu imefanya kazi miaka miwili bila mtu kulalamika. Tusikimbilie maandishi. Nitaitazama nikipata nafasi. Mpe mama busu langu.

Wilmar

*

Rivera, 5 Aprili 1989

Wilmar,

Sisi tupo. Mama hakuvaa soksi kwa sababu usiku analowa jasho hadi godoro nalianika kila asubuhi. Viungo vinamuuma, nyonga hasa. Hana hamu ya chakula isipokuwa mkate na jibini bichi analojinunulia nikiwa kazini, na hilo nashukuru angalau anakula. Watoto wa mbwa wamepata wenyewe wote isipokuwa mmoja mwenye jicho bovu.

Nimefurahi kuhusu kiti chenye mikono. Sasa unijibu.

Hukunijibu, mdogo wangu. Umeandika kurasa mbili kuhusu mama mkwe na kahawa, na swali langu umelipita kama mtu anayemkwepa mdai mtaani. Basi nimejijibu. Jumamosi nilibaki ofisini, nikaiingizia mashine wafugaji wanne wa uongo, kila mmoja na jibu lake, kisha nikaendesha kile kipande chako cha Januari. Majina yalijipanga vizuri sana. Majibu hayakusogea. Ni kama mtu aliyepanga upya vyungu vyote kabatini na kuacha vifuniko vilivyokuwa. Kila chungu kina kifuniko juu, ukipita mbali unaona kila kitu kiko sawa.

Aliye wa kwanza alibaki na jibu lake. Wa pili wangu, ambaye nilimfanya Osmar, alipokea ugonjwa wa mwenzake. Na mgonjwa alipokea usafi wa aliye mbele yake. Nilikaa pale nikitazama kioo, nikahisi kile unachohisi ukikuta unywele kwenye mchuzi ambao umeshaumeza nusu.

Nilimpelekea Larrosa. Hakutazama karatasi zangu, alinitazama mikono. "Mashine haikosei, Zulma," akasema. "Wanaokosea ni wenye vidole. Kama ndugu yako anasema ina kosa, aandike yeye." Kisha akaniuliza kama kweli utakuwa mkubwa huko Muungano, maana ana mpwa anayetafuta kazi.

Unasema kinyaa unacho wewe pia. Nyani haoni kundule. Kila alfajiri Osmar anakamua, kwa sababu ng'ombe hajui barua ya wakaguzi, na asipokamuliwa anaumia. Kisha anamwaga yote kwenye mfereji mbele ya nyumba yake. Mfereji umekuwa mweupe, halafu wa kijani, na inzi wake wanafika hadi kwetu. Nimepita pale jana. Alikuwa ameinama na ndoo, na aliponiona akasema habari za kazi, kwa heshima, kama kawaida yake. Anadhani mimi ndiye ninayemtetea.

Kumbe aibu yako ni usemi wetu. Watu hapa wanajua vizuri sana jina la baba linakaa wapi. Uliza yeyote upande wowote wa barabara, atakuambia hata la babu. Asiyejua ni yule aliyechukua jina likiwa halina mtu nyuma yake.

Mficha uchi hazai. Andika mistari mitatu, sema ulikosea kupanga, utie sahihi. Hakuna atakayekufa kwa hilo. Usipoandika, watakufa kumi na mmoja wasio na hatia, na Osmar sidhani kama ataweza kuanza tena, umri wake ule.

Zulma

*

Rivera, 12 Mei 1989

Wilmar,

Sina salamu. Mwezi umepita na wiki, na kwa mama mwenye nyumba wako nimepiga simu mara nyingi hadi amenizoea. Anasema wewe ni kijana mstaarabu na kwamba umetoka.

Daktari alimchukua mama damu. Ni bruselosi. Alituuliza tunapata wapi maziwa. Mama akajibu haraka kwamba maziwa tunachemsha, na jibini ananunua kwa mke wa Carámbula, ambaye ana cheti ukutani. Alijivunia cheti kile, Wilmar. Alimwambia daktari kwamba kimetoka kwenye mashine ya mwanawe.

Nilimrudisha mama nyumbani.

Nilikwenda kwa mke wa Carámbula nikamwambia aache kuuza. Akanionyesha cheti. Muhuri uko sawasawa, jina liko sawasawa. Nikawaendea wakaguzi wenyewe nikawaambia kuhusu mama. Wakasema mama yangu si ng'ombe, na kwamba kwa habari za makundi wanafuata rekodi za chama. Waliita ile takataka yako rekodi. Nilitaka kucheka.

Machinjioni wamepanga tarehe sita Juni. Maandishi yako yafike kabla ya hapo. Sikuombi tena kama dada.

Z.

*

Montevideo, 24 Mei 1989

Dada yangu mpendwa,

Sijui nianze wapi. Tangu nipate barua yako silali. Nimemnunulia mama vidonge ambavyo daktari mmoja hapa ameniandikia, viko ndani ya kifurushi pamoja na blanketi la sufi. Mwambie kwamba mwanawe anamfikiria kila saa. Nimeambiwa ugonjwa huu unatibika, ila unahitaji subira, na mama subira anayo.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nikifanya kazi. Nimeiandika upya programu yote, Zulma, kuanzia ukurasa mtupu, kwa Pascal. Nimetangaza rekodi. Mfugaji sasa ni kitu kimoja: jina la baba, jina la mama, kila moja na mahali pake penye jina lake, ili isijalishe mtu ametoka upande gani wa barabara, kisha ng'ombe wake, kisha damu yao, na tarehe ya kupimwa. Ukimpanga, anahama na vyake vyote. Nilipoiendesha mara ya kwanza nilitokwa na machozi kwa jinsi ilivyo safi. Ulisema kweli, dada, na nalisema hili kwa moyo wote. Wiki iliyopita niliwaonyesha Muungano, na mkurugenzi alisema hajawahi kuona kitu kilichotangazwa vizuri namna ile.

Sasa kuhusu maandishi. Nimeyaambatanisha, yana sahihi yangu, na yatatosha kuwafanya wapime upya. Nakuomba uyasome ukiwa umetulia. Nimeeleza kwamba programu ya zamani ilikuwa nzima, ila wakati wa kuingiza diski ya Januari, mwendeshaji wa mashine wa Rivera aliyapanga majina kwa mkono bila kuyahamisha majibu. Ukitia sahihi yako chini ya yangu, kukiri tu, watampima Osmar kesho yake. Kinachowahusu wao ni kwamba kosa limepatikana. Hawatajali ni la nani.

Nikiandika vinginevyo, Juni wataichagua ile programu nyingine, na hii safi niliyoiandika haitamsaidia mfugaji yeyote. Fikiria makundi mangapi nchi nzima. Wewe una nyumba, una mama, na mji unaokujua tangu ukiwa mtoto. Watakasirika wiki mbili, kisha watakualika kwenye nyama ya kuchoma. Mimi hapa sina mtu. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Nakuomba hiki.

Mdogo wako anayekupenda,
Wilmar

*

Rivera, 2 Julai 1989

Wilmar,

Blanketi limefika na vidonge vimefika. Mama anavimeza pamoja na vile vya daktari wa hapa. Homa imepungua, nyonga bado, anatembea kwa kushika ukuta. Yule mbwa mwenye jicho bovu nimembakiza.

Nilitia sahihi.

Nilikaa na karatasi yako siku mbili. Ilikuwa imechapwa vizuri, mistari imenyooka, kila kitu mahali pake. Kama ungeandika uongo wa hovyo ningeweza kukuhurumia. Lakini umenitangaza mimi vizuri sana: jina, kazi, mahali, tarehe, kosa. Hakuna kilichosahauliwa. Kumbe kutangaza kitu unajua, ukitaka. Nimewahi kufungua kopo la nyama lililovimba, na nimewahi kuosha mfereji wa Osmar pamoja naye, lakini harufu ya karatasi ile bado iko mikononi mwangu.

Walikuja kupima tarehe tatu Juni. Ng'ombe kumi na mmoja wa Osmar ni safi wote. Alimkumbatia mkaguzi, kisha akamkumbatia Larrosa, akaja hadi kwangu akasimama. Nilidhani atanitukana, na ningeona nafuu. Aliniuliza, "Ulijua tangu Machi, Zulma?" Nikasema nilijua. "Ukanitazama nikimwaga," akasema. Akavaa kofia yake akaenda. Sasa akipita nyumbani kwetu anavuka upande wa pili wa njia, na maziwa tunachukua kwingine.

Arobaini wa Carámbula wamechinjwa. Mkewe alikuja kulia mlangoni, akiuliza ni watu wangapi wamekula jibini lake. Larrosa amenitoa kwenye mashine. Nafuta meza na kupokea simu, hadi mwisho wa mwezi, kisha atatazama. Kwenye mashine ameketi mpwa wake, anayejifunza programu yako mpya. Kijana anaisifu sana. Nimeisoma nikiwa nyuma yake, mstari kwa mstari, na ni kweli, haina doa. Nimesikia Muungano wameichagua. Hongera.

Sasa la mama. Habari zilimfikia sokoni, kama zinavyowafikia watu wote. Alirudi akakaa kitandani na kibuyu chake cha chai ya majani ya yerba, akanywa hadi maji yakaisha ndipo akaniita. Akaniuliza kama ni kweli ni mimi niliyeyapanga majina yale kwa mkono. Ningeweza kumwambia. Nilifungua kinywa. Nikamwona alivyokonda, lile blanketi lako mabegani, nikasema ni kweli.

Hakunipigia kelele. "Wewe haraka yako ni ya tangu utoto," akasema. "Ungempigia Wilmar akuelekeze. Yeye asingekosea hivi. Mtoto yule kila kitu chake anakifunga pamoja." Kisha akaniomba nimfunike miguu, nikamfunika, nikaenda uani kuosha kibuyu.

Mimi usiniandikie tena. Lakini mama anasubiri barua, na tangu homa ile macho yake hayawezi herufi, kwa hiyo ni mimi nitakayemsomea. Nitasoma kila utakachoandika, kwa sauti, bila kuruka neno, hata pale utakapomwambia unanisamehe.

Zulma